Fundi anataka kukata masega ya IST yangu ili ipunguze kula mafuta. Nikubali?

Mwalimu wa Kimara:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, hasa kwa mafundi na wenye IST.

Nina Toyota IST ya 2005, injini ya 1NZ, cc 1,500. Natoka nayo Kimara kwenda kazini Magomeni na watoto wawili kiti cha nyuma, tunakaa kwenye foleni ya Morogoro Road asubuhi na jioni. Zamani lita moja ilinipeleka karibu kilomita 12 hata kukiwa na foleni. Sasa hivi ni 8. Nimepima kwa kujaza tanki mpaka pampu ikate, sheli ileile, siyo kwa kuangalia mshale.

Taa ya injini imewaka na haizimi. Bomba la eksozi kwa ndani limejaa masizi meusi. Asubuhi nikiwasha, harufu ya petroli inaingia mpaka sebuleni. Mtoto wangu wa pili ana pumu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli, maana hela ya mafuta naweza kuitafuta.

Fundi wangu kasema masega, yale ya kusafisha moshi kwenye bomba la eksozi, yameziba, ndiyo yanafanya gari lile mafuta. Anataka ayakate aweke bomba tupu. Ameshaniletea mpaka mnunuzi wa masega, hela mkononi. Anasema masega ni kwa ajili ya Ulaya na Japani kwenye sheria kali, huku kwetu ni mzigo tu. Je, ni kweli? Sitaki kukata kitu halafu nijute.

Dereva wa Segerea:

Dada toa hiyo kitu. Madereva wengi tunaofanya kazi mjini tumetoa, gari inakuwa nyepesi na hela unapata. Ukitoa mwambie afunge na spesa, kile kipande cha kuisogeza sensa ya nyuma ya masega mbali na moshi, taa haiwaki tena. Huku nani atakupima moshi?

Fundi Umeme Moro:

Dada Mwalimu, usikate. Angalau usikate kabla hujasoma haya.

Nafanya umeme wa magari hapa Morogoro, na gari zinazokuja kwangu kwa kesi ya kula mafuta ni nyingi. Tuanze na dalili ulizozitaja mwenyewe. Masega yakiziba, moshi unakosa pa kutokea, kwa hiyo injini inakosa nguvu. Unakanyaga, mizunguko haipandi. Ukianza kupanda kutoka Ubungo kuja kwako gari linachoka, mwisho linaweza hata kuzima. Wewe hujalalamikia nguvu hata kidogo. Umetaja masizi, harufu ya petroli na taa. Hizo ni dalili za petroli kuzidi hewa, na petroli inachanganywa na hewa huku mbele, kabla moshi haujayafikia masega. Hata tukiyang'oa leo, injini itaendelea kumwaga petroli ileile. Tofauti ni kwamba hutakuwa na kitu cha kuisafisha kabla haijafika puani kwa mtoto.

Nieleze kidogo yanavyofanya kazi, maana wengi wanayaona kama kizibo tu. Ndani ni kauri yenye vitundu vidogo vingi, imepakwa madini matatu: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa petroli unatoka na sumu kubwa tatu. Ya kwanza ni kaboni monoksidi. Ya pili ni petroli ambayo haikuungua, ndiyo hiyo unayoinusa sebuleni. Ya tatu ni oksidi za naitrojeni, ambazo zinachokoza mapafu, na kwa mwenye pumu ni mbaya zaidi. Masega yakiwa ya moto na mchanganyiko ukiwa sawa, yanageuza zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo kuwa mvuke wa maji, naitrojeni ya kawaida na kabonidayoksaidi.

Sasa sikia hapa, maana ndipo kwenye jibu lako. Yanazifanya kazi zote tatu kwa pamoja pale tu mchanganyiko unapokuwa karibu kabisa na gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Petroli ikizidi, hewa ya kuunguzia inakosekana, sumu mbili za mwanzo zinapita. Hewa ikizidi, oksidi za naitrojeni zinapita. Ndiyo maana gari lina sensa ya oksijeni mbele ya masega: inanusa moshi muda wote, na kompyuta inapunguza au kuongeza petroli mara kadhaa ndani ya sekunde chache. Volvo ndio waliotangulia kuuza gari lenye sensa hiyo pamoja na masega ya kazi tatu, kule Marekani, kwa modeli ya 1977. Na mchanganyiko huo wa 14.7 ndio ambao petroli yote inapata hewa ya kuunguzwa. Kwa hiyo gari lako likirudi kwenye moshi safi, litarudi lenyewe na kwenye kilomita zake. Huwezi kurekebisha moja ukaacha lingine.

Hiyo imani ya kwamba masega yanakula mafuta haikutoka hewani. Miaka ya mwanzo ya 1970 Marekani walibana sheria ya moshi, na viwanda vilitii kwa kushusha mgandamizo wa injini na kuchelewesha cheche ya plagi. Gari zikawa goigoi na zikala mafuta. Masega yalipoingia kwenye gari nyingi za kule, modeli za 1975, ndipo wahandisi walipopata nafasi ya kuirudisha cheche mahali pake, kwa sababu sasa kulikuwa na kitu cha kusafisha moshi nyuma. Ulaji ukapungua. Lawama ya vile vifaa vya zamani ikabaki kwa masega.

Na mafundi wetu wakongwe nao walikuwa na hoja kwa wakati wao. Petroli yetu ilikuwa na risasi, na risasi inayafunika yale madini yakafa kabisa. Gari la masega likinyweshwa petroli ile lilibaki na mzigo kweli. Lakini risasi ilishaondoka kwenye petroli ya nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Anayekuambia leo kwamba masega hayafai Afrika anakupa ushauri wa petroli ambayo haiuzwi tena.

Kuhusu mnunuzi mwenye hela mkononi: mwaka 2021 rodiamu ilipita dola 20,000 kwa aunsi moja. Tangu wakati ule biashara imechangamka, na kuna mafundi wanaogundua masega yameziba kwenye kila gari linaloingia uwani. Simsemi fundi wako, simjui. Ila fundi anayetibu na kununua ugonjwa huohuo, mwombe kipimo.

Tafuta mtu wa mashine ya kusoma kompyuta ya gari akusomee makosa, uniletee namba zenyewe, siyo maelezo. Pia mwambie akusomee joto la maji ya injini baada ya kuendesha angalau dakika 20. Na chomoa stiki ya oili, inuse.

Dereva wa Segerea:

Fundi nimekusoma, lakini mbona yangu nilipotoa nilihisi ina nguvu zaidi?

Fundi Umeme Moro:

Kama ya kwako yalikuwa yameyeyuka ndani, uliisikia nguvu kwa sababu ulifungua njia ya moshi, hilo sikatai. Lakini mkuu, masega hayayeyuki yenyewe. Plagi au koili ikifa, petroli isiyoungua inaenda kuungulia humo humo ndani, kauri inapata joto mpaka inayeyuka. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, inapepesa, gari linakuomba uache kukanyaga. Au injini inakula oili, majivu yake yanaziba vitundu. Ukikata masega bila kuuliza nini kiliyaua, kile kilichoyaua bado unacho kwenye injini na bado unakilipia sheli.

Na spesa ya sensa ya nyuma haitibu kitu. Inaifundisha kompyuta kusema uongo. Siku kukitokea tatizo la kweli utakuwa umeshazoea taa isiyowaka.

Niseme jambo moja zaidi, linaniuma. Vijana wetu wa gereji wanawasha gari ndani ya banda lenye ukuta pande tatu, wanainama juu ya injini nusu saa. Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, unadhani ni njaa au jua. Gari lenye masega mazima na mchanganyiko sawa linatoa kidogo sana ya hiyo gesi likishapata moto. Lenye bomba tupu na petroli iliyozidi linatoa nyingi. Kwa mafundi wote mnaosoma hapa: toeni gari nje kabla ya kuwasha, hata kama mvua inanyesha.

Mwalimu wa Kimara:

Asante sana fundi, umenielimisha. Leo nimepata kijana wa mashine pale Mwenge. Makosa ni mawili: P0135 na P0420. Joto la maji tukiwa barabarani linacheza kwenye 64, tukisimama kwenye foleni linapanda mpaka 75 hivi, tukitembea linashuka tena. Yule kijana akaona joto liko chini akasema ni vizuri, injini haichemki. Stiki ya oili inanuka petroli waziwazi, hata mimi nisiye fundi nimeisikia.

Fundi Umeme Moro:

Umeleta kila kitu nilichohitaji.

P0135 ni hita ya sensa ya oksijeni ya mbele. Sensa ile haisomi ikiwa ya baridi; inataka nyuzi 300 na kitu, ndiyo maana ndani imewekewa hita ya umeme. Hita ikifa, ukiwa kwenye mwendo wa Chalinze moshi wenyewe unaipasha sensa, inafanya kazi. Ukikaa sailensa, yaani injini inawaka gari limesimama, kwenye foleni ya Ubungo inapoa, inanyamaza, na kompyuta inabaki kumimina petroli kwa kukadiria. Inakadiria kwa kuzidisha, maana petroli ikipungua injini inaweza kuzima au kuungua. Wewe maisha yako yako kwenye foleni. Hapo ndipo kilomita zako zimeenda.

La pili ni hilo joto, na hapa simwungi mkono kijana wa Mwenge. Nyuzi 64 ukiwa mwendoni ni ugonjwa. Themostati ya 1NZ, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, inaanza kufunguka kwenye 80 na kitu, kwa hiyo injini ilitakiwa itulie kati ya 85 na 95. Ikikaa 64 huku ikipanda na kushuka kufuata upepo wa mbele, maana yake themostati haipo au imekwama wazi. Naweka dau kwamba haipo. Nchi hii gari likichemka mara moja tu, fundi anaichomoa anaitupa, anakwambia nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Joto la hewa ya Dar ni 30 na kitu. Injini inahitaji karibu mara tatu ya hapo. Ikiwa ya baridi, petroli inanata kwenye kuta za ndani ya injini badala ya kuwa mvuke, kompyuta inaongeza nyingine kufidia, oili inabaki nzito, na petroli isiyoungua inashuka pembeni ya pistoni mpaka kwenye oili. Ndiyo hiyo uliyoinusa kwenye stiki. Oili yenye petroli inakuwa nyepesi, inakula beringi. Na masega nayo hayaanzi kazi mpaka yafike nyuzi 250 au 300, sumu nyingi ya safari nzima inatoka katika zile dakika za mwanzo kabla hayajapata moto. Injini isiyopata joto inazirefusha dakika hizo.

Fanya hivi. Kwanza fyuzi na waya za sensa ya mbele ziangaliwe, wakati mwingine ni soketi tu imeingia maji. Soketi ikichomolewa, hita ipimwe kwa mita: sensa ikiwa ya baridi isome karibu omu 11 hadi 16. Isiposoma kitu, hita imekatika, badilisha sensa. Chukua Denso, na kuwa macho Kariakoo, boksi la Denso siyo Denso. Ukikosa mpya ya uhakika, afadhali ya mtumba wa Japani iliyopimwa hita mbele yako kuliko mpya ya kubahatisha. Halafu funga themostati, bei yake haifiki hata nusu tanki. Wakati huohuo weka kulanti, siyo maji ya bomba, na hakikisha feni ya rejeta inawaka yenyewe, kwa sababu pengine feni mbovu ndiyo iliyolichemsha gari siku ile na kusababisha themostati itupwe. Ukimaliza hayo mwaga oili yote na filta yake.

P0420 tuiache kwanza. Inasema masega yamedhoofika, haisemi yameziba. Yamepitishiwa masizi muda mrefu, tuyape nafasi.

Mlima Limuru:

Fundi, shikamoo kutoka Kenya. Mimi nina pikapu ya zamani ya kabureta, haina kompyuta wala sensa hizo zote. Nilikuwa nayo Mombasa ikienda vizuri tu. Tangu niilete Limuru inatoa moshi mweusi na inakula petroli vibaya sana. Fundi wa hapa anasema injini imeisha. Pia kuna jamaa ananiuzia sumaku ya kufunga kwenye paipu ya petroli, eti inapanga molekuli.

Fundi Umeme Moro:

Marahaba ndugu yangu. Umetoka usawa wa bahari ukapanda zaidi ya mita 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi, kila mvuto injini inapata hewa pungufu kwa karibu moja ya tano, lakini jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli, haijui kama umehama. Inapitisha petroli karibu kama ya Mombasa. Injini yako inaweza kuwa nzima kabisa. Pima mgandamizo kabla hujaamini imeisha. Tafuta jeti kuu ndogo zaidi, hakikisha choki inafunguka mpaka mwisho, na ea klina isiwe imejaa vumbi. Cheche ya plagi nayo inaweza kusogezwa mbele nyuzi chache kwa mwinuko huo. Siku ukiirudisha pwani irudishie jeti yake ya zamani, maana kule petroli itakuwa pungufu na vali zitaungua.

Sumaku achana nayo. Petroli haishikwi na sumaku. Idara ya mazingira ya Marekani imeshapima zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo vinavyodaiwa kupunguza ulaji, na ni vichache mno vilivyoonyesha nafuu yoyote. Hela hiyo jaza upepo wa tairi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango, na nunua plagi halisi.

Mwalimu wa Kimara:

Wakuu nimerudi na majibu. Themostati kweli haikuwepo, nyumba yake ilikuwa tupu. Hita ya sensa ilikuwa imekatika. Nimebadilisha vyote, oili nimemwaga, ilitoka nyepesi kama maji.

Sasa joto linatulia 88. Matumizi yamefika karibu kilomita 11 kwa lita, foleni ileile. Harufu ya asubuhi ipo kidogo nikiwasha tu, halafu inaisha. Bomba la eksozi limeanza kuwa la kijivu. Yule kijana amenisomea marekebisho ya muda mrefu ya petroli, anasema ni +3.

Ila P0420 imerudi. Fundi wangu wa mwanzo ameng'ang'ania: si unaona, masega yamekufa, tuyauze. Nifanyeje?

Fundi Umeme Moro:

Nimefurahi sana, hasa kwa ajili ya huyo mtoto. Marekebisho ya +3, yaani kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia 3 tu, ni mazuri, chochote ndani ya 10 juu au chini ni cha kawaida, kompyuta haihangaiki tena. Kutoka 8 kwenda 11 ni zaidi ya lita 3 kwa kila kilomita 100. Kila lita ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za kabonidayoksaidi, kwa hiyo umepunguza zaidi ya kilo 7 kila kilomita 100, mbali na zile sumu nyingine. Ukiwa unasubiri watoto getini zima injini. Sailensa peke yake inakula zaidi ya nusu lita kwa saa, na moshi wote unabaki pale walipo.

Kuhusu P0420: kosa hilo haliongezi petroli hata tone. Petroli inaamuliwa na sensa ya mbele, ambayo imekaa kabla ya masega. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kuyakagua. Masega yaliyodhoofika bado yanasafisha sehemu ya moshi, bomba tupu halisafishi chochote. Kabla ya kuyahukumu, kagua eksozi kama inavuja kwenye gasketi au kwenye maungio kabla ya sensa ya nyuma, maana hewa ya nje ikiingia pale sensa inadanganyika na kusema masega ni mabovu. Hakikisha pia moshi hauvujii chini ya sakafu ya gari, hilo ni la usalama wenu humo ndani.

Halafu mmalize ubishi na fundi wako kwa kipimo. Injini ikiwa ya moto, afungue sensa ya mbele, kwenye tundu lake afunge geji ya presha, awashe, apandishe mizunguko mpaka 2,500 na kuishikilia hapo. Ikisoma chini ya psi 3, njia ya moshi iko wazi na masega yabaki. Ikizidi hapo sana, ndipo tuzungumze kubadilisha, kuweka mengine ya IST, siyo bomba. Kuwa pale mwenyewe wakati anapima, isome geji kwa macho yako, uandike hapa namba uliyoiona.